Oili Chafu ni ya Anayejenga

Mwaka 1980, nikiwa na miaka kumi na minne, ndipo taabu yangu ilipoanza. Kabla ya hapo nilikuwa maskini tu. Maskini ana nyumba, ana mama, ana mahali pa kulala. Hiyo mimi siiti taabu. Mwaka ule vita vilifika kwetu Koboko, Uganda, tukatoka kwa miguu, tukavuka mpaka tukaingia Kongo, ambayo siku zile tuliiita Zaire. Baba alibaki njiani. Alibaki vipi, hilo sitaliandika, nimechoka kulisimulia. Shule yangu iliishia darasa la tatu, na hata hilo la tatu sikulimaliza. Kwa hiyo ukikuta hapa neno limekaa vibaya, lipite, uendelee.

Kule Kongo mama alijenga kibanda cha miti na udongo. Mchwa wakala nguzo. Mvua kubwa ya kwanza ilipokuja, ukuta wa upande mmoja ulilala chini na sisi tukiwa ndani. Jirani akamwambia mama: mti bila oili chafu, mchwa wanauona ugali. Oili chafu ni ile oili iliyomaliza kazi kwenye injini, nyeusi kama masizi. Ukiipaka kwenye mti, mchwa hawausogelei. Basi nikatumwa barabarani, mahali malori yalipokuwa yakitengenezwa, na kopo mkononi, kwenda kuomba.

Fundi wa pale alikuwa mtu wa tumbo kubwa na sauti ndogo. Nikamwambia sina pesa. Akaniangalia kama mtu aliyetukanwa.

"Nani amekuomba feza? Oili chafu haiuzwi, mutoto. Ni ya mutu mwenye kujenga. Na upake ingali moto. Ikipoa, haiingie ndani ya muti."

Alinijazia kopo, nikakimbia nalo likiniunguza vidole. Nguzo mpya tulizozipaka zilisimama mpaka siku tuliyorudi Uganda. Niliporudi kwa kopo la pili, fundi akaniambia nimshikie spana kwanza, na kazi yangu ya maisha ikaanza hapo. Sikusomea kwenye dawati. Nilisomea chini ya lori, nimelala chali, oili ikinidondokea kwenye macho.

Mengine nitayafupisha. Nilikuwa taniboi, yule anayepanda nyuma ya lori na kuruka mlimani kuweka mawe chini ya tairi. Nikawa dereva. Nikapata lori langu, likafa, nikapata lingine, nalo likafa. Nikafungua duka Koboko, nikajenga Arua, upande wa Mvara, kwa sababu mke wangu alitaka watoto wawe karibu na shule. Watu wananiona wanasema, huyu mzee alikuwa na bahati. Bahati gani? Waulize walikuwa wapi wakati mimi nalala chini ya lori kule Kaya, mpakani mwa Sudan, kwenye matope. Hakuna aliyenipa kitu. Aliyenipa ni fundi yule, na alichonipa ni uchafu.

Ndiyo maana oili ya pikapu yangu naibadilisha mwenyewe, nyumbani kwangu. Wenzangu wa umri wangu wanapeleka gari gereji, wanakaa kwenye benchi wanapapasa simu, wakiitwa wanalipa na kuondoka. Hawakuona kilichotoka, hawakuona kilichoingia. Mimi naona. Na majirani wanajua: wakiona nimetandika gunia chini ya gari, yeyote anayejenga anakuja na jerikani. Siulizi dini, siulizi kabila. Nauliza kitu kimoja tu: unajenga? Akisema anajenga, anapata, na anapata ikiwa moto. Nusu ya nyumba za udongo huku nyuma yetu zimesimama kwa oili ya injini yangu.

Lakini miaka hii ya karibuni mwili wangu unaniletea habari mbaya. Nina ugonjwa wa sukari. Binti yangu mkubwa ni nesi hapahapa Arua, na ndiye aliyenikamata. Aliniona nimeshika sufuria ya chai kwa mkono mtupu bila kushtuka.

"Baba, hiyo si moto?"

"Mkono wangu umekomaa."

"Mkono wako umelala."

Tangu siku hiyo hakuniacha. Kila nikirudi kutoka Koboko, swali ni lilelile: vidole vikilala, na miguu je? Unajuaje kama mguu uko kwenye breki? Nikamjibu, najua kwa sababu gari inasimama. Hakucheka. Huyu mtoto alichukua kichwa cha mama yake, hacheki kwa kulazimishwa.

Basi tukaenda Ajia, kwenye shamba letu, kwa matanga ya shangazi yangu. Ndugu wote walikuwepo, tumekaa chini ya turubai, na binti akasimama akalitoa lile jambo mbele yao. Akasema baba asiendeshe tena, ufunguo akabidhiwe yeye, atakuwa ananipeleka Koboko siku zake za mapumziko. Ndugu zangu wakanigeukia. Mdogo wangu akacheka kidogo kwenye kikombe chake. Kicheko kile ndicho kilichoniinua.

Nikasema: "Gari ile naijua kuliko mnavyojua wake zenu. Siku nitakayomwaga oili yake chini kwa kosa la mkono wangu mwenyewe, siku hiyo chukueni ufunguo, na mimi sitauliza neno."

Wakapiga makofi. Kwetu mzee akisema neno kwenye matanga, mbele ya ndugu, neno lile harudi nalo nyumbani. Linabaki pale na kila mtu analishika. Nililijua hilo nikiwa bado nimesimama, lakini sikujali. Nilikuwa sijawahi kumwaga oili maishani.

Na wewe unayesoma, uelewe ufunguo ule ni nini. Koboko ni kwangu, duka langu liko pale, kaburi la mama liko pale. Nikiwa na ufunguo, naamka, nawasha, naenda. Bila ufunguo mimi ni mzigo, nakaa barazani kama gunia la muhogo linalosubiri mwenye kulipakia.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, asubuhi. Nilipandisha gari mpaka Arua Hill na kurudi, ili oili ipate moto, maana oili baridi ni nzito, inabakiza uchafu ndani. Nikapiga jeki, nikaweka mawe kwenye tairi za nyuma, nikatandika gunia. Mke wangu alikuwa Ajia shambani. Binti alikuwa ametoka zamu, akapita kwangu, akaketi kwenye ngazi na magwanda yake ya kazi, kikombe cha chai mkononi. Alisema amekuja kunisalimu. Nilijua amekuja kuangalia.

Kulala chini siku hizi ni safari. Goti moja linatangulia, halafu mkono, halafu goti la pili linakataa, unalibembeleza. Nilipofika chini nilipumzika kwanza, naangalia tumbo la gari kama mtu anayeangalia dari. Nikasikia jirani yangu amefika.

Jirani huyu ni mama wa Kikongo, mjane, anauza mawese sokoni. Alikuwa anajenga vyumba viwili nyuma ya ua wangu, miti na udongo, kwa sababu alichoka kupanga. Nguzo zake za kwanza zilikwisha kuliwa na mchwa hata kabla ya nyumba kuezekwa.

"Mzee, iko namna gani huko chini? Umelala ama unafanya kazi?"

"Njoo ulale wewe, halafu uniambie."

"Mimi nikilala hapo, bibi yako atarudi na panga."

Binti alicheka kwenye chai yake. Kwa mama huyu anacheka.

Nikafungua nati ya chini. Oili ikatoka, nyeusi, moto, ikaingia kwenye beseni bila kupotea hata tone. Harufu ile mimi naipenda, sitaki kudanganya. Nikafungua na filta, lile kopo dogo linalochuja oili, nikaivuta, nikaiweka kando. Hapo kazi ilikuwa nusu.

"Mzee, inapoa!"

Ni kweli, ilikuwa inapoa. Na mimi tangu nilipokuwa na kopo langu kule Kongo, sijawahi kumpa mtu oili iliyopoa. Nikatoka chini, goti likipiga kelele, nikamimina beseni kwenye jerikani lake. Ningeweza kurudi kazini. Lakini nilimwona anavyokwenda kupaka: anaanzia juu ya nguzo, pale paa litakapokaa.

"Mama, mchwa wanatoka mbinguni?"

"Kwetu Kongo tunapaka yote."

"Kwenu Kongo ndiko nilikofundishwa. Anzia chini, pale mti unapoingia ardhini. Chimbua kidogo. Hapo ndipo wanapoingilia."

Nikazunguka ua, nikamwonyesha nguzo ya kwanza, nikamwonyesha ya pili. Nguzo ya pili ikawa ya tatu. Mama huyu anaongea, na mtu akiongea na wewe huku unafanya kazi unayoijua, muda haupo. Nilipaka nguzo nyingi kuliko nilivyokusudia. Niliporudi kwangu mgongo ulikuwa umekauka kama ubao, na nilitaka kitu kimoja tu, kazi iishe nikaketi.

Sasa nieleze hapa, kwa asiyejua. Mdomoni mwa filta kuna mpira mwembamba wa duara. Ndio unaoziba oili isipite. Ukitoa filta ya zamani, mpira wake unatakiwa kutoka nayo. Lakini safari nyingine mpira unaganda kwenye injini, filta inatoka peke yake. Ukifunga filta mpya juu ya mpira wa zamani, mipira inakuwa miwili, inateleza, na oili inakataa kukaa ndani. Kwa hiyo lazima uangalie. Mimi siangalii. Mahali pale pamejificha nyuma ya chuma, jicho halifiki vizuri. Napitisha kidole kuzunguka, na kidole kinaniambia. Nimefanya hivyo miaka yote.

Nikalala tena. Nikapitisha kidole. Kidole kikaniambia pako safi.

Nikaupaka mpira wa filta mpya oili kidogo, nikaifunga kwa mkono. Nikakaza nati ya chini. Nikatoka, nikafungua galoni ya oili mpya, ya rangi ya asali, nikamimina taratibu, nikachomoa kile kijiti cha kupimia, nikakifuta, nikapima. Sawasawa. Nikamtazama binti, naye akanitazama. Nikapanda, nikawasha.

Injini ya dizeli ikishika, ndani husikii kitu kingine. Niliikanyaga kidogo, naisikiliza, nimeridhika. Nikaona kuku wanakimbia. Nikaona kichwa cha jirani juu ya ua, mdomo wazi, brashi inapunga hewani. Halafu binti akapiga boneti kwa kiganja, na nikazima, na ndipo nikasikia.

"Zima, Mzee! Zima! Gari inakojoa!"

Ilikuwa inakojoa kweli. Oili mpya, safi, ilikuwa inatiririka kutoka kwenye filta, imepita gunia, imepita mawe, inatafuta njia ya kwenda getini. Nikakaa tu kwenye kiti. Sikukasirika, na hilo ndilo lililonishangaza. Nilichoka kwa mara moja, uchovu wote wa tangu mwaka ule wa 1980, nilihisi kama umekuja kuketi kwenye kiti cha pembeni.

Nikashuka. Nikalala chini, mara ya tatu, kwenye oili. Nikafungua filta mpya, nikaileta kwenye mwanga. Mpira wake ulikuwepo. Na juu yake mwingine, mweusi, bapa, wa zamani, umeshikana nao kama mume na mke. Nilikuwa nimeupitia kwa kidole, mzunguko mzima, na kidole hakikuniambia kitu.

Ningeweza kusema filta ni ya bandia. Siku hizi kila kitu ni bandia, nani angebisha? Neno lilishafika mdomoni. Lakini binti alikuwa amesimama pale, miguu yake karibu na kichwa changu, na hakuuliza. Angeuliza, labda ningedanganya. Nikamnyooshea filta na mipira yake miwili.

Aliishika, akaiangalia, akaiweka chini. Akaenda kwenye ufagio wangu wa njiti uliokuwa ukutani, akachomoa njiti moja. Akarudi akaketi kwenye tofali mbele yangu.

"Baba, keti. Nipe mkono. Funga macho."

"Mimi si mgonjwa wako."

"Funga macho, Baba. Nikikugusa useme."

Nilifunga. Nilisikia jirani anapumua kwenye ua. Nilisikia boda inapita barabarani. Nilingoja.

"Anza basi," nikasema.

"Nimekwisha gusa vidole vyote."

Nikafumbua. Njiti ilikuwa imesimama juu ya kidole changu cha shahada, imekichoma mpaka ngozi imeingia ndani.

Akapiga magoti kwenye ile oili, na magwanda yake meupe, akanivua kiatu cha kulia. Mguu wa breki. Sikuambiwa nifunge macho, niliyafunga mwenyewe. Nikangoja. Nikangoja sana, mpaka nikaelewa kwamba nimengoja sana.

Kwenye barabara ya Koboko, ukipita njia ya kwenda Maracha, kuna mteremko ambapo watoto wa shule wanavuka. Nimeushuka mara nyingi kuliko nywele zangu zilizobaki. Niliuona mteremko ule nikiwa nimefumba macho, nikauona na ule mguu ambao haujui chochote.

Jirani ndiye aliyesema kwanza. Alikuwa amezunguka ua, amesimama na jerikani lake juu ya dimbwi la oili mpya.

"Mzee, hii ya chini nayo, mchwa wanaichukia? Ama wanachukia ya zamani tu?"

"Chota," nikamwambia. "Chota tu. Wewe ndiye unayejenga."

Alichota kwa kibuyu, pamoja na udongo, huku akiniombea kwa Mungu kwa sauti ndefu. Nilimwambia apunguze sala aongeze kuchota.

Kazi iliyobaki lazima iishe. Gari haiachwi imefunguliwa tumbo. Nilitaka kulala chini tena, binti akanizuia kwa bega. Akatandika gunia la pili juu ya lile lililolowa, akalala yeye. Nikachuchumaa pembeni, namwelekeza: inua mkono, zaidi, nyuma ya chuma, hapo. Futa kwa kitambaa. Sasa pitisha kidole. Taratibu, usikimbie. Zunguka mpaka ufike ulipoanzia.

"Unasikia nini?" nikamuuliza.

"Chuma. Chuma tu. Kuna mkwaruzo mdogo upande huu."

"Mkwaruzo ni wa zamani. Ninaujua."

Nilikuwa ninaujua. Ulikuwepo tangu niliponunua gari. Sikukumbuka ni lini mara ya mwisho niliusikia.

Akafunga filta kwa mkono, nikamwambia basi, usiikaze kama una ugomvi nayo. Tukaongeza oili tuliyokuwa nayo, akatuma boda ikaleta iliyopungua. Tukawasha. Nikalala mimi chini kuangalia, na filta ilikuwa kavu.

Nikaenda kwenye ndoo, nikanawa kwa sabuni na mchanga. Nikautoa ufunguo kwenye gari, nikaufuta kwa shati langu kwa sababu ulikuwa na oili, nikampa. Hakuuliza. Alikuwepo Ajia, alilisikia neno kama wengine. Akaufunga kwenye ncha ya leso yake.

"Ufunguo kwangu," akasema. "Spana kwako."

"Spana hazikuwa kwenye mazungumzo."

"Ndiyo maana nasema, Baba. Wasije wakazidai."

Jumatatu akanipeleka Koboko. Niliketi kushoto, upande nisioujua wa gari yangu mwenyewe. Anaingiza gia kama mtu anayefungua kabati la watu, na mlimani anachelewa kupunguza. Nilimwambia. Nilimwambia tena. Tulipofika kwenye mteremko, watoto wa shule walikuwa wanavuka, wengi, hawana haraka, mmoja anavuta mbuzi. Akakanyaga breki na gari ikasimama palepale. Mguu wangu wa kulia nao ulikuwa umekanyaga, kwenye sakafu tupu. Niliuona kwa macho. Kuusikia, sikuusikia. Sikumwambia neno mpaka tulipofika dukani.

Sasa niandike nilicho nacho, maana mtu akianza kwa kutaja taabu yake, aseme na ilimfikisha wapi.

Nina nyumba ya matofali Mvara, mabati hayavuji. Nina duka Koboko, chumba cha mbele na stoo. Nina shamba Ajia, muhogo na mikaratusi kidogo. Nina mke mmoja, mkali. Mbuzi ninao, mke wangu ndiye anayejua idadi. Nina spana za kutosha, zote zangu, moja imepinda. Nina pikapu ya dizeli, injini nzima. Ufunguo wake uko kwa binti yangu. Na nyuma ya nyumba nina jerikani la oili chafu, limebaki nusu. Lilipoa, lakini nitalipasha moto. Ni la yeyote anayejenga.